TUSIKIACHE KIKAO CHA BARAZA

Wako wasemao kwamba kikao cha Baraza la Mji hakina maana: taka, mifereji, ushuru wa soko, basi. Sisi hatukubali. Mambo hayo ndiyo maisha ya mfanyakazi ya kila siku.

Historia yatufundisha. Mwaka 1972 Tanzania ilianza kuvunja mabaraza, na kazi zake zikakabidhiwa watumishi wa Serikali Kuu kwa jina la Madaraka Mikoani. Huduma za miji zikazorota, hata mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa, na yale ya wilaya mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuyavunja kulikuwa kosa.

Basi kilichorudishwa kwa taabu tusikitupe kwa uvivu. Baraza hukutana kila miezi mitatu, na mlango wake u wazi kwa raia. Diwani, hata awe wa Chama chetu, akizungumza na viti vitupu husahau aliyemtuma. Tuliompa kura tuna wajibu wa kwenda kumsikiliza, na kuuliza ushuru wetu umefanya kazi gani. Kura ni mwanzo wa kazi, si mwisho wake.