Sheria Itangulie, Ofisi Zifuate

Desemba 2023 Serikali ilitangaza kwamba taasisi 16 za umma zitaunganishwa na nyingine 4 zitafutwa. Sababu zilikuwa za msingi: majukumu yanayoingiliana na gharama kubwa za uendeshaji zinazobebwa na mlipa kodi. Hatuna ugomvi na nia hiyo. Taasisi mbili zinazofanya kazi moja ni mzigo kwa hazina na ni usumbufu kwa mwananchi. Lakini kupanga upya vyombo vya dola kuna utaratibu wake, na utaratibu huo ni wajibu. Viongozi hawana ruhusa ya kuufuata wakitaka na kuuacha wakichoka.

Ofisi ya umma haina mamlaka yake yenyewe. Uwezo wake wa kutoza ada, kukagua, kutoa leseni au kufunga biashara hutoka kwenye sheria iliyoiunda. Ikibadilishwa jina na kupewa kazi mpya huku sheria ikibaki ya zamani, mtumishi wake hana tena pa kusimama, na mwananchi hajui amlipe nani wala amlalamikie nani.

Mkazi wa Rasbura, hapa Lindi, anayeishi kwa bahari anaijua hali hii. Kwa miaka mingi, usimamizi wa vyombo vya majini na vya nchi kavu ulikuwa chini ya mamlaka moja, SUMATRA. Kisha Sheria ya mwaka 2017 ikaunda TASAC kwa upande wa maji, na Sheria ya mwaka 2019 ikaunda LATRA kwa upande wa nchi kavu. Leseni ya uvuvi nayo ina njia yake chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Mgawanyo huo una mantiki. Lakini mvuvi anastahili kuambiwa mapema, kwa Kiswahili anachokielewa, ni ofisi ipi imechukua kazi ipi, tangu lini, na cheti alichokilipia kwenye ofisi ya zamani kitatambuliwa hadi lini. Maelezo hayo hukaa kwenye kifungu cha mpito cha sheria mpya. Kifungu hicho kikikosekana, gharama humwangukia mwenye boti.

Tunajua kwamba kupanga upya taasisi kwa kufuata sheria kunawezekana, kwa sababu kumewahi kufanyika. Mwaka 2019, usimamizi wa chakula na vipodozi ulipohamishwa kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda Shirika la Viwango (TBS), Sheria ya Fedha ya mwaka huo iligusa sheria za taasisi zote mbili, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA. Vivyo hivyo, Kituo cha Uwekezaji na Mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje (EPZ) havikuunganishwa kwa tamko la jukwaani. Vilisubiri Sheria ya mwaka 2025 iliyounda TISEZA. Kusubiri kulichukua muda, lakini mpangilio ulikuwa sahihi: Bunge kwanza, kibao cha mlangoni baadaye.

Hapa Lindi kuna jambo zito zaidi. Halmashauri ya Wilaya ya Lindi ilipogeuka kuwa Halmashauri ya Wilaya ya Mtama, eneo la Mchinga liliingia ndani ya Manispaa ya Lindi. Mabadiliko ya namna hiyo hayaishii kwenye ramani. Kijiji kina mkutano mkuu, kina halmashauri yake, kina uwezo wa kutunga sheria ndogo, na kinasimamia ardhi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mtaa wa mjini hauna uzito huo. Mwanakijiji anapolala kijijini na kuamka mtaani, sauti yake juu ya shamba la mikorosho lililoachwa na babu yake imepungua. Ana haki ya kuelezwa hivyo waziwazi kabla mipaka haijasogezwa. Madiwani nao wana wajibu wa kuzipitia sheria ndogo, kifungu kwa kifungu, ili mkulima asitozwe ushuru kwa sheria iliyotungwa kwa ajili ya mfanyabiashara wa mjini.

Nchi hii ilishajifunza somo hili kwa uchungu. Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zilifutwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Wakulima wa korosho wa kusini walikuwa miongoni mwa waliobaki bila chombo walichokiona kuwa chao. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: mwaka 1982 zilitungwa sheria za kurudisha vyote viwili, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akakiri kwamba kuvifuta lilikuwa kosa. Kuvunja kulichukua muda mfupi. Kujenga upya kulichukua miaka.

Tangu Julai 2025 tunatumia toleo la mwaka 2023 la sheria zilizofanyiwa urekebu, na tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria. Huu ni msingi mzuri, lakini urekebu si kazi ya kufanywa mara moja na kusahauliwa. Kila taasisi inayounganishwa au kufutwa hugusa sheria nyingine nyingi zinazoitaja kwa jina.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Wizara isitangaze tarehe ya taasisi mpya kuanza kazi kabla Muswada haujapita bungeni na kanuni zake kuwa tayari. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali ihakikishe kila Muswada unataja sheria zote zinazoguswa, madeni, mali, watumishi na leseni zilizopo. Halmashauri zibandike mabadiliko hayo kwenye ofisi za kata na mitaa, na ziyasome kwenye mikutano ya hadhara.

Wabunge na madiwani wa Lindi, kazi ya kutunga na kuzipitia sheria mliiomba wenyewe kwa wananchi. Ifanyeni.