Mgonjwa akilalamika, mashine isitetewe

Kompyuta ya ofisini ikichelewa kuchapisha barua, karani atangoja. Lakini kompyuta iliyo ndani ya mashine ya matibabu haina nafasi ya kungojewa. Jibu lake hata likiwa sahihi, likichelewa sekunde chache laweza kumdhuru mgonjwa.

Chukua mfano wa Therac-25, mashine ya mionzi ya kutibu saratani iliyotengenezwa Kanada. Kati ya 1985 na 1987, iliwapa wagonjwa sita wa Kanada na Marekani mionzi iliyopita kiasi. Angalau watatu walifariki.

Machi 1986, mjini Tyler, Texas, mhudumu alikosea herufi moja akiingiza maagizo ya daktari. Alirudi akasahihisha haraka. Skrini ilionyesha kuwa yote ni sawa. Kumbe sumaku za mashine, ambazo huchukua kama sekunde 8 kujipanga, zilikuwa bado zinajipanga, na programu haikutambua masahihisho yale. Mashine iliandika tu "hitilafu 54". Mhudumu, aliyekuwa amezoea hitilafu ndogondogo, alibonyeza iendelee. Mgonjwa aliungua mara ya pili, na miezi mitano baadaye akafariki.

Kinachoniuma zaidi kama daktari ni kwamba wagonjwa waliolalamika kuwa wameungua waliambiwa mashine haiwezi kuzidisha mionzi. Mashine iliyotangulia, Therac-20, ilikuwa na vizuizi visivyotegemea programu. Katika Therac-25 viliondolewa, usalama wote ukaachiwa kompyuta. Kiini cha ajali za Tyler kilijulikana baada ya mgonjwa wa pili kuumia hapo, Aprili 1986. Mhudumu na mtaalamu wa fizikia wa hospitali walikaa na mashine wakajaribu mpaka hitilafu ikajirudia.

Sisemi watu waogope mionzi. Imeokoa maisha ya wengi. Lakini hapa Kenya, ambako mashine nyingi hutoka ng'ambo, anayenunua asiulize bei tu. Aulize: kompyuta ikikosea, ni kitu gani kingine kitakachoizuia? Nasi madaktari tukumbuke kwamba skrini haisikii uchungu.

Nawe msomaji, ukihisi kuungua au kupigwa na umeme ukiwa kwenye mashine, usione haya. Piga kelele, na usikubali kuendelea mpaka ichunguzwe.