Kukariri Maneno Si Dhambi

Mwandishi mmoja anawashauri wanafunzi wa sekondari wa China watupe orodha za msamiati, wasome riwaya za Kiingereza tu. Rahisi kusema! Mfaransa akikutana na neno geni la Kiingereza hubahatisha, maana lugha hizo zimeazimana mno. Mchina hana nafuu hiyo. Bila maneno elfu mbili tatu kichwani, kila mstari ni kufungua kamusi. Tena gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu nchini China, wenye alama 150 za Kiingereza kati ya 750, haumngoji. Kweli, orodha peke yake haitoshi: siku hizi watahiniwa wengi hupewa hadithi iliyokatizwa waimalizie, na hapo aliyekariri bila kusoma huumbuka. Basi akariri, kisha asome hadithi fupi zenye maneno hayohayo. Riwaya zitamsubiri.