Ukarabati wa majumba ya vyuo: Gharama kubwa hufichwa ukutani

MNARA wa Zamansky, jumba la orofa 24 katika bewa la Jussieu jijini Paris, ulikamilika 1970. Ulipofunguliwa upya 2009 baada ya ukarabati, sura yake ilikuwa mpya na vioo vyake vikimeremeta. Wengi husifu vioo hivyo. Aghalabu husahau kwamba fedha nyingi zilizotumika Jussieu hazikununua kitu kinachoonekana kwa macho.

Bewa hilo lilijengwa kwa nguzo za chuma tangu 1964. Ili moto usizikunje, nguzo zilinyunyiziwa asbesto, dawa iliyoaminika zama hizo. Chembechembe zake zikivutwa pamoja na hewa hukaa mapafuni, na saratani inayotokana nazo huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Mwanakemia Henri Pézerat na wenzake walianza kulalamika katikati ya miaka ya 1970. Walipuuzwa kwa muda mrefu.

Mnamo Julai 14, 1996, Rais Jacques Chirac alitangaza kuwa kufikia mwisho wa mwaka huo hakungekuwa na mwanafunzi hata mmoja Jussieu. Ahadi ilikuwa tamu, lakini kazi ilikamilika 2016. Jengo moja baada ya jingine lilihamwa, likavuliwa hadi mifupa, kisha likavishwa upya. Wakaguzi wa hesabu za serikali ya Ufaransa walikadiria 2011 kuwa mradi mzima ungegharimu zaidi ya Euro bilioni 1.8, mara kadhaa ya makadirio ya kwanza.

Je, si afadhali kubomoa? Kwa mtazamo wa mazingira, la. Utengenezaji wa saruji na chuma hutoa sehemu kubwa ya gesi zinazoongeza joto duniani, na mifupa ya jumba ikiachwa imesimama, gesi iliyotolewa lilipojengwa haitolewi tena. Isitoshe, kubomoa hakuepushi lolote: asbesto sharti iondolewe kwanza, la sivyo vumbi lake litawafikia majirani.

Hapa ndipo suala hili linapowagusa Wakenya. Majengo ya kwanza ya kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi yalianza kutumika 1956, na taasisi nyingi za umma zilizojengwa katika miongo iliyofuata zingali zimeezekwa kwa asbesto, ambayo Kenya ilipiga marufuku 2006. Vyuo vyenyewe vinalemewa na madeni. Katika hali hiyo, kishawishi cha kupaka rangi, kubadilisha lifti na kuweka paneli za sola juu ya paa ni kikubwa, kwa kuwa hayo ndiyo wageni huonyeshwa siku ya uzinduzi.

Fundi anayetoboa dari kupitisha nyaya za intaneti ndiye wa kwanza kuvuta vumbi hilo, na mara nyingi hakuambiwa kilichomo. Kanuni za mamlaka ya mazingira, NEMA, zinataka taka za asbesto zisafirishwe na kuzikwa na wenye leseni. Bajeti ya ukarabati isiyotenga fedha za ukaguzi huo kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa inamwachia fundi huyo gharama, naye atailipa baada ya miaka 30, akiwa amekwisha kustaafu.