Bei Aliyomwambia Mke Wake

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya vichwa vya treni. Usicheke. Sisemi juu ya treni ya kutupeleka Kigoma, bali treni ndogo zinazokaa juu ya meza, ambazo wanaume wazima wenye mvi hununua kwa fedha nyingi. Nilipoanza kuziona nilifikiri ni michezo ya watoto. Kabla sijarudi nyumbani nilikuwa nimejifunza jambo lililogusa ndoa yangu mwenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 2023 nilikwenda Uingereza kumsaidia binti yangu aliyekuwa amejifungua. Anakaa Doncaster, mji ambao kwa miaka mingi ulikuwa na karakana kubwa ya reli. Ndipo lilipotengenezwa lile garimoshi mashuhuri liitwalo Flying Scotsman, mwaka 1923. Jirani yake ni mzee mstaafu na mkewe, watu wakarimu sana. Mzee aliposikia natoka Afrika Mashariki aliuliza jambo moja tu: "Je, umewahi kuona zile Garratt kubwa?" Akanieleza kwamba injini 34 za mvuke za daraja la 59, zilizovuta mizigo kutoka Mombasa, zilijengwa Manchester mwaka 1955 na 1956, na kila moja ikapewa jina la mlima wetu. Moja, Mount Gelai, iko katika makumbusho ya reli Nairobi. Nilikuwa nimeishi karibu na reli maisha yangu yote, nami nilikuwa sijui hayo!

Mazungumzo ya Jumamosi

Chumba cha juu cha nyumba yao kilikuwa na meza iliyozunguka kuta zote. Juu yake kulikuwa na stesheni, madaraja, nyumba, hata kondoo. Reli yake ina upana wa milimita 16.5 tu. Kila kitu kimepunguzwa mara 76, hata injini yenye urefu wa mita 20 inakuwa sentimita 26 hivi. Huko Uingereza kipimo hicho huitwa OO. Nchi nyingine za Ulaya hupunguza mara 87.

Kila Jumamosi rafiki watatu wa Mzee walikuja. Bibi alipika chai, nami nikapanda nayo nikiwa na mjukuu mgongoni. Siku moja niliwakuta wakibishana vikali. Mmoja alikuwa amenunua injini mpya ya mvuke kwa zaidi ya pauni 200.

"Huu ni wizi," alisema wa kwanza. "Miaka ya 1990 nilinunua injini kama hii kwa robo ya fedha hizo."

"Lakini si injini kama hii," akajibu wa pili. "Ile yako ilikuwa na bomba la plastiki lililoungana na mwili, na mota ilikwaruza kama mashine ya kusaga. Hii ina vishikio vya waya vilivyopachikwa kimoja kimoja, mota laini, na inachukua umeme kwa magurudumu mengi, kwa hiyo haikwami penye makutano ya reli."

"Ndiyo," akasema wa tatu, "na nilipofungua boksi, vishikio viwili vilikuwa vimeanguka chini. Pauni 200, halafu nitafute gundi!"

Niliwauliza kwa nini bei imepanda hivyo. Walinieleza kwa subira. Zamani treni hizi zilitengenezwa Uingereza kwa wingi. Frank Hornby wa Liverpool alianza kuuza za kwake mwaka 1920, na mwaka 1938 likaja jina la Hornby Dublo, treni ndogo za kutosha meza ya kawaida. Wavulana wengi walitaka moja wakati wa Krismasi. Baadaye kazi ya Hornby ilikuwa Margate, kusini mwa nchi, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ikahamishiwa China, ambako mikono ilikuwa mingi na mishahara midogo. Ndipo wakaweza kupachika vitu vidogo vidogo kwa mkono bila bei kupanda sana. Lakini mishahara ya China nayo ikapanda. Kutengeneza kalibu za injini moja mpya hugharimu makumi ya maelfu ya pauni, na siku hizi wanunuzi ni wazee wachache wanaotaka kila kitu kiwe sawasawa, si wavulana wengi. Gharama kubwa ikigawanywa kwa watu wachache, kila mtu hulipa zaidi. Tena serikali huchukua kodi yake ya asilimia 20: katika injini ya pauni 240, pauni 40 ni kodi. Ukitaka injini inayotoa sauti ya mvuke na filimbi, ongeza pauni mia moja hivi.

Wewe unayeshona nguo za shule unaelewa hesabu hii. Kukata sampuli ya sare moja kuna kazi ileile kama utashona sare kumi au mia tano.

Januari 2024 habari mbaya ikawafikia. Duka la Hattons, lililofunguliwa Liverpool mwaka 1946 na kujulikana kote nchini kwa treni hizi, lilitangaza kufunga. Siku hiyo hawakubishana. Walikunywa chai kimya kama watu waliofiwa.

"Pauni hamsini hivi"

Basi, katika Jumamosi mojawapo Bibi mwenyewe alipanda na keki. Akaona injini ya kijani inayong'aa, akauliza: "Hii ni mpya? Umeinunua bei gani?"

Mzee akajibu bila kuinua macho, "Pauni hamsini hivi."

Rafiki zake wote walitazama vikombe vyao. Bibi aliposhuka, mmoja akasema mzaha ambao nasikia wapenzi wa treni husimuliana mahali pengi: hofu yao kubwa ni kwamba wakifa, wake zao watauza treni kwa bei ile waliyoambiwa. Wakacheka sana. Mimi nilicheka pia, Mungu anisamehe.

Majuma matatu baadaye Mzee aliugua moyo ghafula, akalazwa hospitali. Wakati huohuo mtambo wa kupasha nyumba joto ukaharibika. Mama, baridi ya Doncaster mwezi wa pili si mzaha! Fundi alitaka zaidi ya pauni mia tatu. Bibi hakutaka kumsumbua mgonjwa kwa habari ya fedha. Akaja kwetu amefurahi kidogo, akasema amepata njia.

"Kuna mtu anayenunua vitu vya zamani," alisema. "Nimemwonyesha injini nane. Anatoa pauni ishirini kwa kila moja. Mpya ni hamsini tu, kwa hiyo si haba. Anakuja kesho. Zitakazosalia zitamtosha mume wangu. Ile kubwa nzito ya baba yake, ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, sitaigusa. Hiyo ndiyo yenye thamani."

Moyo wangu ulidunda. Nilijua ukweli. Je, wewe ungefanyaje? Ukisema, unamvua mzee wa watu nguo akiwa kitandani. Ukinyamaza, mama huyu anaibiwa mbele ya macho yako, naye hata hajui. Usiku ule nililala kidogo sana. Asubuhi nilimwambia hivi tu: "Dada yangu, usiuze leo. Mwite kwanza rafiki mmoja wa mumeo azitazame." Sikuongeza neno.

Rafiki alikuja mchana. Alizichukua zile nane moja moja, akazigeuza, akaziwasha juu ya reli. Uso wake ulikuwa mzito. Mwishowe alisema kwamba tatu kati yake zilinunuliwa mwaka uliopita, kila moja kwa zaidi ya pauni 200. Hata zikiuzwa kama mitumba, zikiwa na maboksi yake na bila kasoro, haikosi kupatikana zaidi ya pauni mia kwa kila moja. Nyingine mbili zilikuwa za aina rahisi iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Hizo pauni ishirini ziliwatosha. Kisha akaitazama ile nzito ya baba. Chuma chake kilikuwa na nyufa kama udongo mkavu. Alieleza kwamba zamani zinki iliyotumiwa mara nyingine ilichanganyika na risasi kidogo, na mchanganyiko huo huvimba na kumeguka polepole kwa miaka mingi. Hauna dawa. Kwa mnunuzi, ile iliyodhaniwa kuwa ya thamani kuliko zote haikuwa na bei.

Bibi aliketi kwenye ngazi. Hakuzungumza juu ya treni hata kidogo. Alisema, "Miaka arobaini na moja ya ndoa. Kwa nini hakuniambia?"

Kila mmoja na boksi lake

Mzee alirudi nyumbani baada ya siku tisa. Sijui yote waliyoongea, na si haki yangu kujua. Lakini Bibi alinisimulia sehemu moja. Mumewe alikiri kwamba alianza kupunguza bei miaka mingi iliyopita, siku ambayo yeye Bibi alimfokea mbele ya wageni kwa sababu ya injini ya pauni thelathini. Tangu hapo aliona ni amani zaidi kusema uongo mdogo. Bei ilipopanda, uongo nao ukapanda. Ndipo Bibi naye akakiri: kwa miaka sita alikuwa akimpelekea kijana wao wa mwisho fedha kila mwezi bila kumwambia mumewe.

Waliuza injini tatu kupitia klabu, zile ambazo Mzee mwenyewe alizichagua, na mtambo wa joto ukatengenezwa. Ile ya baba yake ilibaki kabatini, maana thamani yake kwao si ya sokoni. Kisha wakaandika daftari. Nililiona. Kila injini ina mstari wake: jina, mwaka iliponunuliwa, bei ya kweli, mahali boksi lilipo, kasoro yake, na jina la rafiki wa kuulizwa siku ya kuuza. Wakakubaliana pia juu ya kiasi cha kila mwezi. Mzee sasa hununua injini moja nzuri kwa mwaka badala ya tatu kwa siri. Huiwasha dukani kabla ya kulipa, mbele na nyuma, polepole, na kuitazama chini na juu. Mkewe huenda naye, naye ndiye huona vishikio vilivyopinda kabla ya muuzaji!

Na sisi je?

Mama mwenzangu, ungeweza kusema mambo haya ni ya Wazungu. Mimi nilisema hivyo mpaka nilipokumbuka kitenge changu cha krismasi. Nilikinunua shilingi elfu arobaini na tano. Baba watoto aliponiuliza, nilimwambia elfu kumi na tano. Nilimpigia simu kutoka Doncaster, nikamwambia kweli. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mama watoto, najua. Niliona risiti. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe." Niliona aibu mpaka machozi, kisha tukacheka wote wawili.

Kwa hiyo nakuomba ufikiri juu ya mambo machache mwezi huu:

Kama mumeo ana kitu anachokipenda, iwe ni baiskeli, redio, njiwa au ng'ombe wa kisasa, jifunze bei yake na ubora wake. Usiulize "bei gani?" tu. Uliza: "Kwa nini ni bei hiyo? Hiki kina nini ambacho kile hakina?" Atafurahi kukueleza, nawe hutadanganywa na mtu yeyote siku ya shida.

Usidhani kilicho kikubwa na kizito ndicho chenye thamani, wala usidhani kilicho ghali hakina kasoro. Kitazame na kukijaribu kabla ya kulipa.

Andikeni daftari la vitu vya nyumba, na bei za kweli. Wajane wengi hawanyang'anywi mali kwa nguvu. Huuza wenyewe kwa bei ya kutupa kwa sababu hawakuambiwa.

Mwisho, akikuambia bei ya kweli, usimfokee mbele ya wageni. Bei iliyofichwa mara nyingi ilianza na mke aliyepiga kelele, au mume aliyepiga kelele. Mwenye kuogopa kusema kweli nyumbani mwake huishia kuwaambia rafiki zake, nao huicheka.

Je, kuna bei gani nyumbani kwako ambayo bado haijasemwa? Anza na ya kwako. Mimi nilianza na kitenge.

Tuonane mwezi ujao.