Maoni Yetu: Diski nayo ipimwe mpaka chini ya gunia

Mnunuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, haridhiki na dagaa wa juu. Anafungua mdomo wa gunia, anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anachota wa chini na kuwasugua kiganjani asikie kama wana mchanga. Waliokaushwa kwenye vichanja anawajua, na waliotandazwa ufukweni anawajua. Muuzaji hanuni, kwa sababu biashara ya dagaa ndivyo ilivyo.

Mtu huyohuyo akienda dukani kununua SSD ya kompyuta anayotunzia hesabu zake, anasoma boksi, analipa, anaondoka. Hapo ndipo anapopigwa.

Hatuisemi vibaya SSD. Laptopu ya mtumba yenye diski ya kuzunguka, ile inayokoroma dakika kadhaa kabla ya kuwaka, ukiiwekea SSD inafufuka. Diski ya kuzunguka husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde. SSD ya SATA hufika karibu 550, na zile za NVMe huvuka 3,000. Wenye stesheneri, wapiga video za harusi, wanafunzi wanaoandika tasnifu, wote wanazitaka. Soko likipanuka hivyo, feki hazikosi kuingia.

Mezani kwetu ipo moja, diski ya nje, boksi lake linasema terabaiti 2. Ukiichomeka, kompyuta nayo inasema terabaiti 2. Tulipolegeza skrubu tukakuta kadi ndogo ya memori ya simu, ya gigabaiti 64, imebandikwa kwa gundi, na pembeni kipande cha chuma cha kuongezea uzito. Kilichobaki ni hewa. Mtambo wake umefundishwa kusema uongo: unapokea kila faili na kuonyesha jina lake, lakini nafasi ya kweli ikishajaa, data mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani. Mwenye diski hajui lolote mpaka siku anapofungua video ya harusi ya mteja na faili likagoma. Harusi hiyo hairudiwi.

Dawa ipo, na haina gharama. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, huijaza diski mpaka nafasi ya mwisho, kisha huanza kusoma upya kila ilichoandika. Kama gigabaiti 64 tu ndizo za kweli, jibu litatoka hivyo. Huko ndiko kuzamisha mkono mpaka chini ya gunia.

Kuhusu kasi, mafundi wengi hufungua CrystalDiskMark, namba kubwa inatokea juu, mteja anatabasamu. Tunaomba mteja atazame mstari wa chini kabisa, ule wa vipande vidogo vidogo vinavyosomwa ovyo ovyo bila mpangilio, maana kompyuta ikiwaka au ikifungua programu hufanya kazi ya namna hiyo. Diski ya kuzunguka hapo mara nyingi haifiki hata megabaiti 1 kwa sekunde. SSD nzima huonyesha makumi. Isitoshe, programu hiyo usipoibadilisha hupima kwa faili la gigabaiti 1 tu. SSD nyingi za bei nafuu zina sehemu ndogo ya kupokelea mzigo kwa haraka, na sehemu hiyo ikijaa kasi inaporomoka, nyingine mpaka chini ya megabaiti 100. Kwa hiyo nakili folda nzito, gigabaiti 50 au zaidi, ukiwa umesimama palepale, uone mwendo unaishia wapi.

Haki itendeke kwa muuzaji pia. SSD ya gigabaiti 500 ikionyesha 465 kwenye Windows, hujaibiwa; mtengenezaji na Windows hawahesabu gigabaiti kwa namna moja. Ukiichomeka diski ya nje kwenye tundu la zamani la USB 2.0, hutapata zaidi ya megabaiti 40 hivi, hata iwe bora namna gani. Lawama hapo ni ya tundu.

Tunajua pia kwamba kujaza terabaiti nzima kupitia tundu kama hilo huchukua karibu saa saba, na hakuna duka litakalomvumilia mteja kaunta muda wote huo. Ndiyo maana tunataka utaratibu wa wazi: jaribio fupi dukani, risiti yenye jina na ukubwa wa diski, kisha siku mbili za mnunuzi kumalizia kupima nyumbani, na fedha zirudi ikiwa diski ni ya uongo. Lile tangazo la ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi lisitumike kufunika udanganyifu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia. Tunaiomba ipite kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta kwa ukali uleule inaouonyesha kwa bidhaa nyingine. Maofisa wa Wakala wa Vipimo hukagua mizani sokoni ili kilo iwe kilo. Gigabaiti nayo ni kipimo, na anayeilipia ana haki ya kuipata yote.

Wenye maduka wa Kirumba na mjini kati, wekeni kompyuta moja kaunta kwa kazi ya kupimia tu. Muuzaji mwaminifu hana cha kupoteza, na mteja aliyepimiwa atamleta mwenzake. Nawe mnunuzi, usihamishie picha wala hesabu zako kwenye diski mpya na kufuta nakala ya zamani kabla jaribio halijamaliza kusoma mpaka gigabaiti ya mwisho.