Intakula ya Kuuza Sura

Ndugu msomaji, leo sikuletei shairi. Nakuletea ugomvi.

Ulianza Jumapili moja kwenye kikao chetu cha kusomeana kazi, nyumbani kwa rafiki yetu huko Njiro. Mwenzetu mmoja, ambaye kalamu yake naiheshimu na jina lake nalihifadhi, alisoma hadithi mpya. Shujaa wake ana Subaru Impreza ya buluu. Bampa limetobolewa, na katikati ya tundu imekaa intakula ya mbele, ile ambayo masela wa mjini wanaiita fronti, inameremeta kama meno ya dhahabu. Jamaa anashuka nayo kutoka Sakina, wasichana shingo zinageuka, trafiki anabaki kula vumbi. Makofi. Mimi nikanyoosha mkono, nikauliza: hiyo intakula imeunganishwa na nini huko nyuma? Sebule nzima ikacheka. Mwandishi akanitazama kwa huruma, akasema, "Bwana wee, hii ni fasihi, siyo gereji."

Nimelitafuna jibu hilo wiki nyingi, na limekataa kumezeka. Kwa hiyo nalitema hapa, mbele ya wote. Wenye kununa wanune.

Nasema hivi: intakula ya mbele hapa kwetu Arusha imegeuzwa pambo, na sisi wenye kalamu tumo katika kuigeuza. Tunaisifu bila kuijua. Mtoto wa watu anasikia sifa, anatamani, anauza alichonacho, anamkabidhi gari fundi ambaye naye anaijua kwa sura tu. Injini ikishakufa, haandiki mtu hadithi ya injini iliyokufa.

Hebu tuitazame yenyewe kwanza, maana ugomvi bila kujua kinachogombewa ni kelele. Tabo ni feni mbili kwenye fimbo moja. Moshi wa ekzosti unaizungusha ya kwanza, na ya pili inashindilia hewa kwenda kwenye injini. Sasa, hewa ukiishindilia inapata moto. Aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua inavyomchoma vidole kule chini. Kwenye gari mambo ni makubwa zaidi: hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 25 na kushindiliwa mpaka shinikizo mara mbili inaweza kutoka ikiwa imepita nyuzi 100. Hewa ya moto hivyo imetanuka, oksijeni yake chache, na tena inaifanya petroli iripuke kabla ya wakati wake, injini ikaanza kugonga. Ndiyo maana pakawekwa intakula. Ni rejeta, basi, ila badala ya maji inapoza hewa.

Subaru kiwandani wanaiweka juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Njia yake ni fupi, hewa inafika haraka. Ubaya wake ni kwamba imelalia moto. Simama kwenye foleni ya Mianzini saa kumi na moja jioni, tundu la boneti halivuti kitu, na intakula inaiva kama chapati juu ya kikaango. Ukiihamishia mbele, nyuma ya bampa, inakuwa ya kwanza kupigwa na upepo. Kwa hiyo wazo lenyewe si la kijinga, na sitaki mtu aseme nimelipinga.

Tena sisi wa Arusha tuna haki ya kulifikiria kuliko watu wa Tanga. Mji wetu uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa kama asilimia 15. Injini isiyo na tabo inapumua kwa shida. Yenye tabo inajitahidi kufidia, lakini kufidia huko ni kazi: feni inazunguka zaidi ili kufikisha shinikizo lile lile, na hewa inatoka na moto zaidi. Anayepanda kutoka Moshi au KIA kuja mjini anapanda huku kila kilomita hewa inazidi kuwa nyepesi. Intakula nzuri hapo ina kazi ya kweli kabisa.

Kwa hiyo ugomvi wangu uko wapi? Uko kwenye neno nzuri.

Tulipoipendea fronti nakujua. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza, na gari lile lilikuwa na intakula mbele ya rejeta. Picha zikatembea kwenye mabango na fulana, na wadogo zetu wakazikuta zimebandikwa kwenye vinyozi. Safari yenyewe si ngeni kwetu. Ilipoanza mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Na iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, kule Naivasha, homa ikapanda upya. Lakini picha haikuonyesha wale mafundi, wala kompyuta iliyopangwa upya kwa ajili ya gari lile moja, wala injini iliyokuwa inafunguliwa na kukaguliwa kila mara. Sisi tukachukua uso, tukaacha mwili.

Nimeona kwa macho yangu, hapa hapa mjini, gari dogo lisilo na tabo kabisa, limefungiwa intakula mbele kwa waya. Bomba zake haziendi popote. Nikamuuliza mwenyewe, "Mshikaji, hii inafanya nini?" Akacheka, "Inauza sura." Angalau yule alisema kweli, na gari lake bado linatembea. Wa kuogopwa ni yule aliyeunganisha nusu.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, wa kule Poli, alikuwa na Forester ya tabo iliyotoka Japani ikiwa imetumika. Ilikuwa ya kazi: kuchukua wageni KIA na kuwaleta mjini, usiku na mchana. Mjomba aliuza ng'ombe wawili kumsaidia kuimalizia. Alipopata nafuu kidogo, kijana akataka fronti. Nikamsindikiza mimi mwenyewe kwenye gereji moja ambayo sitaitaja. Siku moja tu kazi ikaisha. Chuma cha nyuma ya bampa, kile cha kukulinda ukigonga, kilikatwa kwa grenda. Boksi la ea klina likatupwa, pakawekwa bomba pana lenye kifilta cha umbo la koni, na ile sensa ya kupima hewa ikahamishiwa kwenye bomba hilo pana kwa tundu la kutoboa na gundi. Fundi akaongeza na presha ya tabo, "ili usikie tofauti". Kontroli boksi haikuguswa. Na tofauti tuliisikia kweli! Tukashuka barabara ya Moshi tunapiga kelele kama wehu. Nikamtungia binamu beti mbili za kuisifu, tukazibandika kwenye kioo cha nyuma.

Wiki ya tatu, usiku, anatoka KIA na mgeni, amepita Usa River anapandisha kuja Tengeru, injini ikaanza kugonga kama mtu anayepiga nyundo ndani ya debe. Kisha moshi. Kisha kimya. Mgeni aliondoka na gari jingine, na hoteli iliyokuwa inampa binamu kazi haikumpigia tena.

Tuliipeleka Unga Limited, kwa mzee mmoja fundi wa malori. Kwa nini malori? Kwa sababu intakula ya mbele si mali ya masela. Malori ya Scania yana intakula mbele ya rejeta tangu wengi wetu hatujazaliwa, na wazee wa Unga Limited wamezifungua, wamezichomelea na kuzirudisha mpaka wamezichoka. Sisi hatukuwauliza kwa sababu ovaroli zao zina grisi na hawana picha ukutani. Mzee alifungua, akatoa pistoni iliyomeguka penye kingo za ringi, akaiweka mkononi mwa binamu kama anampa sadaka. Halafu akaenda kwenye sensa. Hakucheka.

"Kijana wangu," akamwambia, "intakula haijakuulia injini. Umeua na hili bomba." Akaeleza. Kontroli boksi inaijua njia ya hewa ya kiwandani, upana wake ule ule. Ukiipeleka sensa kwenye bomba pana, hewa inapita mbele yake taratibu, na sensa inaripoti hewa kidogo. Kompyuta inaamini, inatoa petroli kidogo. Kumbe hewa inayoingia ni nyingi, tena umeiongezea presha. Petroli chache kwenye hewa nyingi inawaka kwa moto mkali, injini inagonga, pistoni inakatika. Na magari haya ya Japani, akasema, yamepangwa kwa petroli yao kali ya oktani 100. Yetu ya vituo vya kawaida haifiki hapo, kwa hiyo nafasi ya kukosea ilikuwa ndogo hata kabla hamjaanza utundu.

Nilisimama pale na beti zangu mbili bado ziko kwenye kioo.

Mzee aliendelea, na mimi nikaanza kuandika nyuma ya risiti, kwa mara ya kwanza nikiandika kitu cha maana kuhusu gari. Kwamba bomba za fronti ni ndefu na viungo ni vingi, na kila kiungo ni mahali pa kuvuja. Hewa iliyokwisha kupimwa ikivuja njiani, kompyuta inatoa petroli ya hewa isiyofika: moshi mweusi, plagi zinaziba, gari linakunywa mafuta. Kwamba kupima uvujaji si uchawi: ziba mdomo wa bomba la kuingilia kwa kifuniko chenye valvu ya tairi, jaza upepo kidogo kidogo kwa kompresa ya fundi pancha, pakaa maji ya sabuni kwenye viungo, tazama mapovu. Kwamba kuna wanaopenda ile valvu ya kulia pshiii na kumwaga hewa nje. Kwenye gari lenye sensa ya hewa ni kosa lile lile, hewa irudishwe kwenye njia yake. Kwamba ukiweka rejeta mbele ya rejeta, ya nyuma inapata upepo uliokwisha kupashwa moto, basi feni na maji yakaguliwe kabla hujapandisha Ngaramtoni na gari limejaa watu. Na vumbi letu, lile jepesi la majivu ya Mlima Meru, linaingia kwenye mapezi ya intakula na kukaa kama unga. Ioshwe, bila kupiga maji ya presha kali yanayopinda mapezi. Mwisho, kontroli boksi ipangwe upya na mtu mwenye kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli, siyo mwenye sikio tu. Huwezi? Basi iache ya juu, isafishe, badilisha mipira iliyochoka. Gari litakupeleka KIA na kukurudisha.

Hayo yote aliyasema kwa Kiswahili. Hakukwama popote. Sasa wewe mwenzangu uliyeniambia hii ni fasihi, niambie: ni wapi kwenye maandishi yetu sisi vijana utakuta Kiswahili kile? Tuna magari mangapi kwenye hadithi zetu, na yote yananguruma, yote yanateleza kama nyoka, hakuna hata moja linalovuja? Tunamlilia msomaji kwamba lugha yetu haijitoshelezi kwa mambo ya kisasa, wakati mtu ameeleza mambo hayo Unga Limited huku anakunywa chai ya rangi. Shujaa wako na Impreza yake ya buluu nampenda. Lakini umemfungia fronti kwa waya.

Usiniambie msomaji hajali. Binamu yangu alikuwa msomaji. Alisoma beti zangu.

Forester iko Poli mpaka leo, chini ya mparachichi, haina injini. Kuku wa shangazi wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Intakula tuliiuza, na aliyeinunua hakuuliza hata swali moja. Aliigeuza geuza juani aone inavyong'aa. Mjomba hajawahi kutaja ng'ombe wake, na hilo ndilo linanifanya nisiende Poli mara kwa mara.

Mzee amenikubalia niwe nakuja Jumamosi kumshikia taa na kuandika majina ya vitu. Nimemwambia nina rafiki mwandishi, hodari kuliko mimi. Amesema aje, ila avae nguo za kuchafuka. Saa mbili asubuhi, ndugu yangu. Hadithi yako njoo nayo, tutaifungua pale pale mezani, kati ya spana.